Wanajeshi wa Marekani uwanjani Shannon: kambi, kituo cha mafuta, au unga wa watu?

Kila baada ya muda picha ileile huzunguka mitandaoni. Wanajeshi wa Marekani waliovaa sare za jangwani wamejaa kwenye viti vya jengo la abiria, wengine wamelalia mabegi yao, na nyuma yao kuna duka la manukato na chokoleti. Maelezo chini ya picha yanasema hapo ni Shannon, Ireland, nchi inayojitangaza kuwa haiegemei upande wowote vitani. Maoni hayakawii. Mmoja anaandika kwamba Wairishi wamewaficha Wamarekani kambi nzima nyuma ya duka. Mwingine anamjibu kwamba hao ni abiria kama abiria wengine, na wakifukuzwa watu wa magharibi mwa Ireland watalala njaa.

Tangu vita vya Gaza vianze mwaka 2023 mabishano haya yamepamba moto upya, kwa sababu watu wameanza kuuliza ni shehena gani inayopita katika anga la Ireland. Kila upande una hoja za kweli, ila umezichanganya na mambo ambayo hayapo. Tuyafungue fundo moja baada ya jingine.

Kambi ni nini, na mapito ni nini

Shannon ni uwanja wa mkoa. Uko kaunti ya Clare, karibu na mahali mto Shannon unapomwaga maji yake baharini, na mji mkubwa wa jirani ni Limerick. Uwanja mkuu wa nchi ni ule wa Dublin, unaohudumia abiria zaidi ya milioni 30 kwa mwaka. Shannon mwaka 2024 ilihudumia milioni 2 na ushei. Lakini njia yake ya kurukia ina urefu wa karibu kilomita 3.2, na hakuna ndefu kuliko hiyo nchini humo. Ndege kubwa iliyoshiba mafuta na watu huruka hapo bila wasiwasi, na upande wa pili wa bahari ni Amerika.

Kambi ya kijeshi ya kigeni ni ardhi iliyotolewa kwa mkataba, yenye uzio, kamanda na kikosi kinachoishi hapo. Mfano wa karibu nasi ni Jibuti. Camp Lemonnier imepakana na uwanja wa kimataifa wa Ambouli, ndege za abiria na za kijeshi zikigawana njia moja ya kurukia, na kwa mkataba wa mwaka 2014 Marekani ilikubali kulipa dola milioni 63 kila mwaka. Mfano wa karibu zaidi ni Camp Simba kule Manda Bay, Lamu, ndani ya kambi ya wanamaji wa Kenya, iliyovamiwa na al-Shabaab tarehe 5 Januari 2020, Wamarekani watatu wakauawa. (Huo si uwanja wa Manda wanakoshukia watalii wa Lamu. Ni viwanja viwili mbalimbali, ingawa magazeti yenyewe huvichanganya.)

Shannon haina mambo hayo. Marekani haijapewa ardhi, hailipi kodi ya pango, na haina kikosi kinacholala hapo. Ndege inatua, inajazwa mafuta, waliomo wananyoosha miguu kwa saa moja au mbili, kisha inaondoka kuelekea Kuwait, Ujerumani au nyumbani Marekani. Hayo ni mapito. Anayeiita Shannon kambi amekosea jina, lakini bado hajakosea swali, maana askari anayepita njiani kwenda vitani bado anakwenda vitani.

Kutoegemea upande kwa maana mbili

Ireland haimo katika NATO. Ilikaa nje ya Vita vya Pili vya Dunia, na serikali zake zote tangu wakati huo zimeshikilia kwamba nchi haijiungi na muungano wowote wa kijeshi. Hii ni sera. Katiba yao haisemi kokote kwamba Ireland ni nchi isiyoegemea upande. Inachosema, katika ibara ya 28, ni kwamba taifa halitashiriki vita yoyote bila ridhaa ya Dáil, yaani bunge lao.

Upande wa pili kuna sheria ya kimataifa. Mkataba wa Hague wa mwaka 1907 unakataza nchi zinazopigana kupitisha askari, silaha au shehena za vita katika ardhi ya nchi isiyoegemea upande. Maneno yake hayana kona nyingi.

Kwa hiyo waziri anaposema "hatujavunja msimamo wetu", anazungumzia sera: hatujajiunga na NATO, hatujatuma askari Iraq. Mpinzani anaposema "mmeuvunja", anazungumzia mkataba wa 1907: mmepitisha askari wa nchi iliyomo vitani. Wanaweza kubishana hadi alfajiri na kila mmoja akawa sahihi kwa kipimo chake.

Mahakama iliwahi kuulizwa. Mwaka 2003 Edward Horgan, ofisa mstaafu wa jeshi la Ireland aliyewahi kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa, aliishtaki serikali kwa kuruhusu Shannon itumike katika vita ya Iraq. Jaji Kearns wa Mahakama Kuu alikubali kwamba katika desturi ya sheria za kimataifa, nchi isiyoegemea upande haipaswi kuruhusu makundi makubwa ya askari na silaha kupita kwake kwenda vitani. Kisha akakataa kutoa amri. Alisema kanuni hiyo haimpi raia mmoja mmoja haki ya kuidai mahakamani, na kwamba kuamua iwapo nchi "inashiriki" vita ni kazi ya bunge kwanza. Bunge nalo lilikuwa limekwisha kupiga kura Machi 2003, vita ilipoanza, likaridhia ndege ziendelee kutua. Horgan alishinda hoja akashindwa kesi, ndiyo maana hukumu hiyohiyo moja hunukuliwa na pande zote mbili hadi leo.

Mji ulioishi kwa kusimamiwa

Suala la ajira halieleweki bila historia kidogo, na kwa msomaji wa Kenya njia fupi ni Mtito Andei. Mji ule ulikua kwa sababu basi la Mombasa linalotoka Nairobi lilihitaji kusimama mahali katikati ya safari. Hakuna aliyekwenda Mtito kwa ajili ya Mtito. Watu walishuka, wakala, wakajisaidia, wakanunua maji, dereva akapumzika, na kwa kusimama huko watu wakajenga hoteli na kusomesha watoto. Treni ya SGR ilipoanza mwaka 2017 na abiria wakapita mbio bila kushuka, wenye hoteli walijua kabla ya wachumi kwamba mambo yamebadilika.

Shannon ni Mtito Andei ya Atlantiki. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ndege za kutoka Ulaya hazikuweza kuvuka bahari bila kujaza mafuta kwenye ukingo wa mwisho wa bara, na ukingo huo ni magharibi mwa Ireland. Kwanza zilikuwa ndege za kutua majini, zikishukia Foynes, ng'ambo ya pili ya mdomo wa mto. Ni huko Foynes mpishi Joe Sheridan alikowatilia abiria waliotetemeka kwa baridi wiski ndani ya kahawa, na kinywaji hicho kikazunguka dunia. Baada ya vita kazi ikahamia uwanja wa nchi kavu upande wa Clare. Mwaka 1945 Ireland na Marekani zilikubaliana kwamba ndege za kati ya nchi hizo mbili lazima zitue Shannon. Mwaka 1947 Brendan O'Regan, aliyesimamia huduma za chakula uwanjani, akafungua duka la kwanza duniani la bidhaa zisizotozwa ushuru. Kila chupa ya manukato inayouzwa leo uwanjani Nairobi au Dar es Salaam kwa utaratibu huo ina babu yake Shannon.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 zikaja ndege za jeti zenye uwezo wa kuvuka bahari moja kwa moja. Hofu ikaingia, na O'Regan huyohuyo akatoka na wazo jingine: kama ndege hazina haja ya kusimama, tuweke viwanda kando ya uwanja, vipate nafuu ya kodi na visafirishe bidhaa nje. Eneo huru la Shannon lilianza mwaka 1959. Jiang Zemin, kabla hajawa rais wa China, alilitembelea mwaka 1980 akijifunza, wakati China ikijiandaa kuanzisha maeneo maalumu kama Shenzhen. EPZ zetu, yaani maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, kuanzia Athi River hadi zile za Tanzania, ni wajukuu wa wazo lilelile.

Mteja mwingine aliyekuja hakutarajiwa na yeyote. Aeroflot, shirika la ndege la Wasovieti, lilihitaji mahali pa kujazia mafuta njiani kwenda Havana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasovieti waliruhusiwa kuleta mafuta yao wenyewe kwa meli, wakayahifadhi kwenye matangi ya Shannon, na sehemu ya ada za uwanja wakailipa kwa mafuta hayo badala ya fedha. Urafiki ukakolea kiasi kwamba mwaka 1988 kampuni ya viwanja vya ndege ya Ireland ilikwenda kufungua duka lisilo na ushuru Moscow. Mwaka 1994 rais wa Urusi Boris Yeltsin alitua Shannon, waziri mkuu wa Ireland Albert Reynolds akamsubiri chini ya ngazi pamoja na gwaride, na rais hakutoka ndani ya ndege. Wairishi wanaicheka hadithi hiyo hadi kesho.

Mtu akisema Shannon imewauzia Wamarekani roho yake, basi ikumbukwe kwamba wakati wa Vita Baridi ilikuwa ikiwauzia Warusi chai na sandwichi. Uwanja huo umekuwa ukimhudumia anayesimama. Sikusudii kuhalalisha lolote kwa kusema hivi. Nataka tuone kwa nini mfanyakazi wa pale haoni ndege ya wanajeshi kama jambo geni: babu yake alimhudumia rubani wa ndege ya majini, baba yake akamhudumia Mrusi.

Ruhusa mbili zinazochanganywa

Hapa ndipo penye fundo gumu, na wengi huliruka.

Ndege ya kijeshi ya kigeni, ile yenye alama za jeshi, inahitaji ruhusa ya waziri wa mambo ya nje kwa mujibu wa amri ya mwaka 1952. Masharti ya kawaida ni kwamba isiwe na silaha, isibebe risasi wala milipuko, isikusanye taarifa za kijasusi, na isiwe sehemu ya mazoezi au operesheni ya kijeshi.

Lakini wanajeshi wengi wanaoonekana kwenye zile picha hawakuja na ndege ya kijeshi. Wamekuja na ndege ya abiria iliyokodiwa na jeshi kutoka kampuni binafsi kama Omni Air, yenye marubani raia na wahudumu wanaogawa juisi. Kisheria hiyo ni ndege ya kiraia. Sharti la kutokuwa na silaha haliigusi kwa namna ileile. Inaangukia amri nyingine, ya mwaka 1973, inayokataza ndege za kiraia kubeba silaha na zana za vita isipokuwa waziri wa uchukuzi atoe msamaha. Bunduki za askari zisizo na risasi husafiri chini ya msamaha huo, na misamaha hiyo imekuwa ikitolewa kwa maelfu. Hata kuvaa sare ya jeshi la kigeni ndani ya Ireland kunahitaji ruhusa, chini ya sheria ya ulinzi ya mwaka 1954.

Matokeo yake yanashangaza. Ndege iliyopakwa rangi ya jeshi inatakiwa iwe mikono mitupu, na ndege ya kiraia inapita na mamia ya askari na bunduki zao. Serikali ikijibu bungeni kwamba "hakuna ndege ya kijeshi yenye silaha iliyoruhusiwa", inaweza kuwa inasema kweli tupu huku picha ya wanajeshi nayo ikiwa ya kweli.

Nani anahakikisha masharti yanafuatwa? Kwa sehemu kubwa serikali hutegemea neno la Marekani kupitia ubalozi, bila kupekua ndege kwa kawaida. Utaratibu huo uliitia nchi aibu katika suala la CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Uchunguzi wa Baraza la Ulaya ulioongozwa na Dick Marty ulionyesha Shannon kuwa mahali ambapo ndege zilizotumiwa kuwasafirisha watu waliotekwa kwa siri zilijaza mafuta. Haikuthibitishwa kwamba mfungwa alikuwa ndani ya ndege ikiwa Shannon. Hata hivyo, Desemba 2007 tume ya haki za binadamu ya Ireland yenyewe ilisema kutegemea ahadi za kidiplomasia hakutoshi. Nakubaliana na tume: mlinzi wa geti asiyefungua buti hawezi kuapa hakuna kitu ndani.

Fedha inaingia mfuko gani

Ndege ikitua hulipa ada ya kutua kwa kadiri ya uzito wake, na ada ya abiria. Wahudumu wa ardhini huleta ngazi, hutoa taka, husafisha, hupakia chakula. Kampuni ya mafuta huuza maelfu ya lita. Kisha kuna mamia ya vijana wenye saa moja ya kupoteza na dola mfukoni, na duka liko wazi. Kwa mizania ya uwanja, hiyo ni biashara nzuri: ndege nzito, abiria wengi, na haihitaji matangazo wala punguzo la bei kama linalodaiwa na mashirika ya nauli nafuu.

Ila kuna mizania ya pili, ya hazina ya taifa. Nchi hutoza ndege ada ya kuongozwa inapopita anga lake. Nchi nyingi za Ulaya huzisamehe ndege za kijeshi ada hiyo, Ireland ikiwemo, na kwa kuwa waongoza ndege lazima walipwe, serikali hufidia pengo hilo kwa kodi za wananchi. Ndege ya kiraia iliyokodiwa hulipa kama ndege nyingine za biashara. Halafu kuna ulinzi. Tangu Februari 2003 polisi wamekuwa wakisaidiwa na wanajeshi wa Ireland kulinda uwanja, na mishahara yao haitoki kwa kampuni ya uwanja.

Kwa hiyo anayesema Marekani hailipi chochote anaongelea ada za angani za ndege za kijeshi, na anayesema inalipa kila kitu anaongelea ndege za kukodi. Faida inabaki Clare na Limerick. Gharama imesambazwa nchi nzima. Mkazi wa Cork au Dublin anachangia kidogo kidogo bila kuona, na mwenye baa karibu na Shannon anaona kila siku. Siasa ya mambo ya namna hii mara nyingi huamuliwa na anayeona.

Hofu ya ajira ina ukweli gani

Mwaka 2005, vita ya Iraq ilipokuwa imepamba moto, wanajeshi waliopita Shannon walikaribia 340,000. Uwanja mzima ulihudumia takriban abiria milioni 3.3 mwaka huo. Yaani kati ya kila abiria kumi, mmoja alikuwa askari. Hiyo si asilimia ya kupuuza, na mtu yeyote aliyekuwa na zamu hapo ilimhusu.

Hofu yenyewe ilikuwa na kisa. Januari 2003 mwanaharakati Mary Kelly aliingia uwanjani na kuipiga kwa shoka ndege ya jeshi la wanamaji la Marekani. Siku chache baadaye, wanaharakati watano wa Kikristo wakaishambulia tena ndege hiyohiyo kwa nyundo. Baadhi ya kampuni zilizokodiwa kubeba wanajeshi zikahamishia safari zao Ujerumani kwa muda. Watu wa mkoa ule wakaona kwa macho jinsi mteja anavyoweza kufunga virago wiki moja tu baada ya uzio kurukwa. Wale watano waliachiwa huru na mahakama ya Dublin mwaka 2006, baada ya kujitetea kwamba walikusudia kuokoa maisha Iraq. Kwa wapinga vita ilikuwa shangwe. Kwa wengine pale Shannon, ilikuwa ishara kwamba hakuna wa kuwatetea wao.

Lakini kazi nyingi za uwanjani hazina jina la mteja. Kijana anayepakia mizigo ya Ryanair asubuhi ndiye anayeisogezea ngazi ndege ya Omni usiku. Ndege za kukodi zikikoma, kazi yake haifutiki siku hiyohiyo; zinapungua saa za ziada, kisha zamu, kisha mkataba wa mwenzake wa muda hauhuishwi. Hasara ipo, ila ni ya kumomonyoka. Ndiyo maana takwimu za "ajira zinazotegemea wanajeshi" hupanda na kushuka kulingana na anayezitaja.

Jambo la pili linaniamulia zaidi. Tazama mapigo makubwa yaliyoikumba Shannon kwa miaka 20 hivi, uone ni lipi lililoletwa na wapinga vita. Agosti 2007 Aer Lingus, shirika la ndege la Ireland, ilitangaza kuzitoa Shannon safari zake za London Heathrow na kuzipeleka Belfast. Wafanyabiashara walilia, wabunge wakapiga kelele, na serikali, iliyokuwa bado na robo ya hisa za shirika hilo, ikakataa kuingilia. Mwaka 2008 makubaliano ya anga huria kati ya Ulaya na Marekani yalizika kile kilichobaki cha sharti la kusimama Shannon. Ukaja msukosuko wa uchumi na Ryanair ikapunguza safari kwa kishindo. Abiria milioni 3.6 wa mwaka 2007 wakabaki takriban milioni 1.4 mwaka 2012. Mwaka 2021, wakati wa korona, Aer Lingus ikafunga kituo chake cha wahudumu wa ndege Shannon moja kwa moja. Hakuna hata moja kati ya hayo lililosababishwa na mtu mwenye bango.

Na wanajeshi wenyewe? Walipungua vilevile, kwa sababu Marekani ilipunguza majeshi Iraq na baadaye ikaondoka Afghanistan. Ajira iliyofungwa kwenye vita hupanda na kushuka na vita, na hakuna meneja wa uwanja anayeketi kwenye kikao kinachoamua hilo. Uwanja ulitenganishwa na mamlaka ya viwanja vya ndege ya Dublin mwishoni mwa mwaka 2012, ukatafuta mashirika ya ndege wenyewe, na idadi ya abiria ikaanza kupanda tena wakati wanajeshi wakiwa wachache kuliko zamani. Hilo linajibu dai kwamba wakiondoka uwanja utafungwa.

Bado ningeogopa kumwambia mfanyakazi wa Shannon kwamba hofu yake ni ya uongo. Ameona wateja wanne au watano wakija na kuondoka bila kumuuliza. Hofu yake ni ya kweli. Nina shaka na wanaoiazima. Waziri huitaja anapotaka kuepa swali la mkataba wa 1907, ingawa hakuitaja kwa sauti hiyo Heathrow ilipohamishwa. Mpinga vita naye huipuuza kwa sababu inamharibia hotuba. Kundi la wapinga vita la Shannonwatch, linalokusanyika uwanjani hapo Jumapili ya pili ya kila mwezi, na wafanyakazi wanaoingia zamu, hupishana kwenye barabara ileile.

Njia moja ya kutenganisha maswali haya mawili ni kuvuka bahari ndogo hadi Prestwick, Scotland. Huo nao ni uwanja wa mkoa wenye njia ndefu, uliolelewa na safari za Atlantiki, na ndio mahali pekee Uingereza panapojulikana kwa hakika kwamba Elvis Presley alikanyaga, akirudi kutoka jeshini Ujerumani mwaka 1960. Ulidhoofika hadi serikali ya Scotland ikaununua mwaka 2013 kwa pauni moja, na kujazia mafuta ndege za jeshi la Marekani ni sehemu ya kinachousukuma mbele. Uingereza imo NATO, hivyo swali la kutoegemea upande halipo. Mabishano kuhusu ndege za kijeshi yapo hata hivyo. Kwa hiyo hata kama Ireland ingejiunga na NATO kesho, swali la uwanja mdogo uishi kwa mteja gani lingebaki palepale.

Shannon imekuwa ikitafuta majibu mengine. Tangu mwaka 2009 abiria anayekwenda Marekani hukaguliwa pasipoti na forodha papo hapo Shannon, akatua New York kama aliyetoka mji wa ndani. British Airways ilitumia hilo kwa miaka kadhaa: ndege yake ndogo ya viti 32 iliondoka London City, ikajaza mafuta Shannon huku abiria wakikaguliwa, kisha ikavuka. Safari hizo zilikoma mwaka 2020. Kuna karakana za kutengeneza ndege, na kuna biashara ya kukodisha ndege iliyoota hapo tangu Tony Ryan na wenzake walipoanzisha kampuni ya GPA mwaka 1975. Hizo huajiri mafundi na wahasibu ambao hawajali nani ametua usiku uliopita. Na Aer Lingus sasa inazirusha kutoka Shannon hadi Boston na New York ndege za Airbus A321 za masafa marefu, zenye njia moja ya kupita kati ya viti, ndogo kiasi cha kujazwa na abiria wa mkoa mmoja.